Akaunti ya Wise kwa aliyehamia ughaibuni: mapitio ya huduma na ya hesabu inazotuzoesha

Huduma ya kuhifadhi na kutuma pesa kwa kawaida hupimwa kwa ada zake, kasi yake na usalama wa fedha za mteja. Kwa mtu aliyehama nchi vipimo hivyo ni vya lazima lakini havitoshi, kwa sababu kuhama humbadilisha mtu namna anavyoitazama fedha, na chombo anachokifungua kila siku kwenye simu huwa na mkono katika mabadiliko hayo. Akaunti ya sarafu nyingi ya Wise, ambayo nimeitumia kwa muda mrefu sambamba na akaunti ya benki ya kawaida, ni mfano mzuri wa jambo hili. Inaponya upofu mmoja unaowagharimu wahamiaji wengi pesa nyingi, kisha, bila kukusudia, inalea mazoea mengine ambayo mteja asipoyatazama kwa makini yatamgharimu kwa njia nyingine. Nitaipitia kwa macho hayo mawili.

Huduma yenyewe ilizaliwa kutokana na kero ya wahamiaji wawili. Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann ni Waestonia waliokuwa wakiishi London. Hinrikus, aliyekuwa mfanyakazi wa kwanza wa Skype, alilipwa kwa euro ilhali alihitaji pauni za matumizi. Käärmann alilipwa kwa pauni lakini alikuwa na mkopo wa nyumba wa kulipia Estonia. Käärmann amesimulia hadharani kwamba alipotuma nyumbani bonasi yake ya pauni 10,000, kiasi kilichofika kilipungua kwa takriban pauni 500 kuliko alivyotarajia, kwa kuwa benki haikutumia kiwango cha ubadilishaji alichokuwa amekiangalia. Wawili hao wakaanza kubadilishana wenyewe kwa wenyewe: kila mwezi waliangalia kiwango halisi cha soko, mmoja akaweka pauni katika akaunti ya mwenzake iliyoko Uingereza, na mwingine akaweka euro katika akaunti ya rafiki yake iliyoko Estonia. Hakuna hata senti iliyovuka mpaka. Mwaka 2011 waliigeuza desturi hiyo kuwa kampuni iliyoitwa TransferWise. Mwaka 2017 wakaongeza akaunti ya sarafu nyingi, mwaka uliofuata wakatoa kadi, na mwaka 2021 kampuni ikafupisha jina lake kuwa Wise na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la London.

Nimekieleza kisa hicho kwa sababu ndani yake kuna badiliko la kwanza linalompata kila anayehama. Mtu ambaye hajawahi kuishi nje ya nchi yake huichukulia fedha kama kitu kimoja kilichotulia. Anajua bei za bidhaa zinapanda, lakini hafikirii kwamba fedha yenyewe ina bei, kwamba bei hiyo huuzwa kwa reja reja, na kwamba muuzaji huweka faida yake mahali ambapo mnunuzi haoni. Aliyehama hulijua hilo siku anapolinganisha kiasi alichotoa na kiasi kilichopokelewa. Benki moja niliyowahi kuitumia ilitangaza kwa maandishi makubwa kwamba kutuma pesa nje ni bure, na kweli katika mstari wa ada paliandikwa sifuri. Faida yake ilikuwa imefichwa ndani ya kiwango cha ubadilishaji, ambacho kilikuwa mbali na kile cha soko, na mahali popote katika risiti hiyo hapakutajwa tofauti ya viwango hivyo viwili.

Hapo ndipo Wise inastahili sifa bila kusitasita. Ukiandika kiasi unachotaka kutuma, skrini inaonyesha ada kwa sarafu unayolipia, kiwango kinachotumika, ambacho ni kile cha kati cha soko, na kiasi kamili kitakachofika. Ada hubadilika kulingana na jozi ya sarafu na njia ya kulipia. Kulipia kwa kadi huwa ghali kuliko kulipia kwa uhamisho wa benki, na mteja anaona tofauti hiyo kabla ya kubonyeza chochote. Umuhimu wa jambo hili hauko kwa mtu mmoja mmoja tu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 wahamiaji walituma takriban dola bilioni 656 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba mwishoni mwa mwaka huo wastani wa gharama ya kutuma dola 200 ulikuwa asilimia 6.4. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yanataka gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Pengo kati ya takwimu hizo mbili ni jasho la watu wanaofanya kazi za usiku, na sehemu yake kubwa hupotea kimyakimya katika kiwango cha ubadilishaji. Huduma inayoiweka ada mahali pa wazi humfundisha mteja kuuliza swali lile lile kila mahali pengine, na nimeona wahamiaji wengi wakianza kuyahoji maduka ya kubadilisha fedha, mashirika ya ndege na hata waajiri wao, kwa sababu tu wamezoea kuona hesabu nzima.

Sasa niingie katika upande wa pili, ambao hautajwi sana na wanaoisifu huduma hii.

Katika miezi ya mwanzo ya kuishi nchi ngeni, mhamiaji hugeuza kila bei kuwa sarafu ya nyumbani. Anasimama mbele ya rafu, anazidisha kichwani, na anarudisha bidhaa mahali pake. Watafiti Priya Raghubir na Joydeep Srivastava walionyesha mwaka 2002 kwamba tunapotumia fedha ya kigeni macho yetu hushikwa na ukubwa wa tarakimu zenyewe: sarafu ya kigeni ikiwa na tarakimu kubwa kuliko tuliyoizoea tunajibana, na ikiwa na tarakimu ndogo tunatumia kwa ulegevu, hata tukipewa kiwango cha kubadilishia. Kwa anayetoka katika sarafu ya maelfu na kuingia katika sarafu ya makumi, matokeo yake ni vurugu: asipogeuza, kila kitu kinaonekana cha bei nafuu na mshahara unakwisha kabla ya mwezi, akigeuza, kila kitu kinatisha. Ndiyo maana mtu yule yule huonekana mfujaji siku moja na mkono wa birika siku inayofuata, na nafsi yake haijabadilika hata kidogo; kilichobadilika ni kama siku hiyo alipiga hesabu au hakupiga.

Kadi ya Wise huingia katikati ya vurugu hiyo kwa namna ambayo mteja mpya hashauriwi kuihusu. Kama akaunti yako ina salio la sarafu ya nchi unakoishi, arifa inayokuja simuni baada ya kulipa hutaja kiasi cha sarafu hiyo peke yake. Kama huna salio hilo, kadi hubadilisha kutoka katika sarafu nyingine uliyo nayo, na arifa hukuonyesha viasi vyote viwili, cha dukani na cha nyumbani, ukiwa bado umeshika mfuko wa bidhaa. Kwa hiyo namna unavyojaza akaunti ni namna unavyochagua kufikiri. Pendekezo langu kwa anayehama ni kwamba, mara tu anapoanza kulipwa katika nchi mpya, aweke katika kadi sarafu ya nchi hiyo pekee na afunge salio la sarafu ya nyumbani hadi atakapolihitaji kwa jambo mahsusi. Wise inaruhusu kushika sarafu zaidi ya 40, na hilo hutajwa kama fadhila kuu ya akaunti. Kwa mtu anayejaribu kutulia mahali papya, fadhila hiyo ni mzigo. Sarafu mbili zinamtosha, na mojawapo ikae mbali na macho.

Sababu yangu si ya kisaikolojia tu, ni ya kiuchumi pia. Kiwango cha ubadilishaji kinachoonyeshwa na programu, chenye tarakimu nne au zaidi baada ya nukta, ni cha kweli kwa kazi moja: kuhamisha fedha kutoka sarafu moja kwenda nyingine. Hakielezi kabisa ni maisha ya namna gani yatanunuliwa kwa kiasi hicho katika kila nchi. Mwaka 1964 wanauchumi Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa kazi yake, walieleza kwa nini: katika nchi ambazo viwanda na sekta zinazouza nje zina tija kubwa, mishahara ya sekta hizo hupanda na kuivuta juu mishahara ya kazi nyingine zote, zikiwemo zile ambazo tija yake haitofautiani sana kati ya nchi na nchi. Kinyozi wa nchi tajiri hanyoi haraka mara kumi kuliko kinyozi wa nchi maskini, lakini hulipwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kama asingelipwa hivyo angekwenda kufanya kazi nyingine. Simu au kompyuta, kwa upande mwingine, huuzwa kwa bei zinazokaribiana duniani kote. Mhamiaji anayegeuza bei ya kunyoa nywele kwa kiwango cha soko, akaghadhibika, kisha akageuza bei ya simu na kufurahi, amepata majibu mawili sahihi kihesabu na hakuna hata moja linalomsaidia kuamua. Anayepima kwa saa za kazi, yaani ananyolewa kwa dakika ngapi za mshahara wake mpya, anapata jibu la kutumia. Wengi hufika huko wenyewe baada ya muda, na hapo ndipo mtazamo wao hubadilika kwa kina zaidi: muda, ambao awali ulikuwa kitu cha kupita tu, unaanza kuwa na bei. Mtu anaanza kulipia usafiri wa haraka, anaacha kupanga foleni kwa ajili ya punguzo dogo, na ndugu zake wanaona amekuwa na kiburi. Programu inayoonyesha kiwango cha soko kwa umahiri mkubwa namna hiyo humchelewesha katika safari hiyo, kwa kuwa inaipa heshima hesabu ambayo haiko mahali pake.

Kutuma pesa ndiyo kazi ambayo Wise ilianzishwa kwa ajili yake, na ndipo nina mengi ya kusema. Kampuni yenyewe husema kwamba zaidi ya nusu ya miamala hufika katika muda usiozidi sekunde 20, na uzoefu wangu haupingani na hilo. Unathibitisha, unaweka simu mezani, na kabla hujaichukua tena umeshapata ujumbe: “Kaka, imeingia, asante sana.” Ni raha ya kweli, hasa kwa anayekumbuka enzi za kuandika fomu, kusubiri siku tatu na kupiga simu kuuliza kama namba ya muamala imekubali.

Hata hivyo, ucheleweshaji ule ulikuwa na kazi ambayo hatukuitambua hadi ulipoondoka. Kutuma kulipokuwa ghali na kwa taratibu, mtumaji alikuwa na sababu ya haki ya kukusanya maombi: alituma mara moja kwa mwezi, kiasi kimoja, na nyumbani walijua kwamba katikati ya mwezi hakuna kinachowezekana. Ada yenyewe ilikuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo mtu aliweza kupanga. Ada iliposhuka na muda ukawa sekunde, kila ombi likawa linaweza kujibiwa peke yake, saa ile ile linapotumwa, na kutokujibu kukageuka kuwa uamuzi unaoonekana. Hakuna tena wa kulaumiwa kati ya mwombaji na mwombwaji. Nimesikia watu wakisema ughaibuni umewafanya wachoyo. Ninachokiona mimi ni kwamba wamelazimika kukataa kwa midomo yao wenyewe mambo ambayo zamani yalikataliwa na masafa. Hilo hubadilisha uhusiano wa mtu na fedha zake, kwa sababu salio linalotazamwa kila jioni huacha kuwa lake peke yake; kila tarakimu iliyomo inaweza kuwa jibu la ombi la mtu fulani, naye analijua hilo anapojinunulia koti.

Dawa imo ndani ya programu hiyo hiyo, ingawa imewekwa mahali ambapo si wengi wanaofika: malipo ya kujirudia. Unaweza kupanga kiasi maalumu kiende kwa mpokeaji fulani katika tarehe maalumu, na programu ikafanya kazi hiyo bila wewe kuigusa. Nimeona kipengele hiki kikirudisha ukuta ule wa zamani kwa hiari ya mtumaji. Anayepokea ana uhakika wa kiasi na tarehe, hivyo anaweza kupanga maisha yake bila kuomba. Anayetuma anajua kilichobaki ni chake. Maombi ya dharura hayakomi, na hayapaswi kukoma, lakini yanarudi kuwa ya dharura. Ningependa kampuni ikiweke kipengele hiki mbele ya kitufe cha kutuma mara moja. Najua pia kwa nini haiwezi kuona haraka ya kufanya hivyo, kwani mteja anayetuma mara nyingi hana hasara kwake.

Kuna mchoro wa kiwango cha ubadilishaji, unaoonyesha mpando na mporomoko wa sarafu kwa siku, mwezi au mwaka, pamoja na arifa ya kukujulisha kiwango kikifika unapotaka. Kwa mfanyabiashara anayelipa ankara kubwa nje ya nchi, hivi ni vifaa muhimu. Kwa mfanyakazi anayetuma sehemu ya mshahara, naviona kuwa na madhara kuliko manufaa. Mtu ambaye hajawahi kununua hisa maishani mwake anaanza kuvizia soko la fedha za kigeni, anaahirisha kutuma kodi ya nyumba ya mzazi wake kwa kuwa kiwango “kinaelekea kupanda”, na tofauti anayoipata, ikipatikana, haifiki gharama ya simu alizopigiwa akiulizwa kulikoni. Kama kiasi ni cha matumizi ya mwezi, kitumwe tarehe yake ikifika.

Mchoro huo una udanganyifu wa pili, ulio mzito zaidi. Sarafu ya nyumbani ikishuka thamani, mshahara ule ule wa ughaibuni hugeuka kuwa tarakimu kubwa zaidi upande wa pili, na mtumaji hujiona ameongeza ukarimu bila kuongeza kitu. Mwanauchumi Irving Fisher aliandika juu ya tabia hii tangu miaka ya 1920: watu huhesabu fedha kwa majina ya noti na kusahau kile noti zinachonunua. Sarafu inaposhuka, bei za bidhaa zinazoagizwa kutoka nje hupanda, na mara nyingi nyingine hufuata, kwa hiyo mpokeaji anaweza kupata noti nyingi zaidi na chakula kile kile. Ugomvi mwingi kati ya walio nje na walio nyumbani huanzia hapa: mmoja anasema “nimekutumia zaidi ya mwaka jana”, mwingine anasema “haitoshi”, na wote wawili wana ushahidi. Skrini ya Wise inamwonyesha mtumaji nusu ya ushahidi, ile inayompendeza.

Kwa upande wa akiba, sina malalamiko makubwa. Ndani ya akaunti unaweza kutenga fedha katika vibubu, ukakipa kila kimoja jina, na kilichomo hakitumiki kwa kadi wala kutumwa hadi ukitoe kwa hatua ya makusudi. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alichunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyogawa fedha katika mafungu kichwani na kuliheshimu kila fungu kwa sheria zake, ingawa shilingi ni shilingi. Kwa aliyehama, mafungu haya ni kinga, kwa sababu hali yake ina hatari ambazo mwenyeji hana: mara nyingi kibali chake cha kuishi kimefungwa na kazi yake, na akiipoteza kazi hana shangazi wa kumhifadhi kwa miezi miwili karibu na hapo. Ndiyo maana watu waliokuwa wakarimu hadi senti ya mwisho wakiwa kwao hugeuka kuwa wawekaji akiba wakali wakiwa nje, na hilo huchukuliwa kimakosa kuwa ni moyo uliokauka. Kibubu cha kwanza ninachomshauri mtu akifungue ni cha nauli ya kurudi na kodi ya miezi michache, nacho asimwambie mtu.

Lakini akiba kubwa isikae humo. Wise si benki kwa maana kamili. Nchini Uingereza, kwa mfano, ina leseni ya taasisi ya fedha za kielektroniki. Sheria inailazimisha kuzitenga fedha za wateja na fedha zake yenyewe, na hilo ni jambo zuri, ila fedha hizo hazilindwi na mfuko wa fidia unaowalinda wenye amana katika mabenki ya huko. Kampuni haifichi jambo hili, lakini mteja anayeona kadi, namba ya akaunti na salio huhitimisha mwenyewe kwamba yuko benki. Ada za kutoa pesa kwenye mashine baada ya kuvuka kiwango cha bure cha mwezi nazo zinahitaji kusomwa kabla ya safari.

Jambo ambalo wageni hulichelewa zaidi ni historia ya mikopo. Mtu anaweza kuwa amelipa madeni yake yote kwa uaminifu kwa miaka ishirini, na siku anayovuka mpaka akahesabiwa kama kijana aliyefungua akaunti yake ya kwanza, kwa sababu kumbukumbu za mikopo kwa kawaida hazihami na mwenye nazo. Katika nchi nyingi tajiri kumbukumbu hizo huamua kama utapangishiwa nyumba, utapewa mkataba wa simu au mkopo wa gari. Akaunti ya Wise haikopeshi, hivyo kuitumia kwa nidhamu ya hali ya juu hakukujengei jina kokote. Aliyelelewa kuamini kwamba deni ni aibu hufurahia akaunti isiyo na mkopo na kubaki humo kwa miaka; anapotaka kununua nyumba anakuta wenzake waliokopa kidogo na kulipa kila mwezi wanaaminika kuliko yeye asiyedaiwa na mtu. Kwa sababu hiyo akaunti hii iwe ya pili. Ya kwanza iwe ya benki ya nchi unakoishi, hata kama huduma yake inachosha.

Upungufu mwingine uko upande wa mpokeaji. Wise hupeleka pesa katika akaunti za benki na, kwa baadhi ya nchi, katika pochi za simu. Haina kaunta ya kutoa pesa taslimu. Kwa mzazi mzee asiye na akaunti na asiyeamini simu, hilo hufunga mlango, na kampuni kama Western Union, ambayo imekuwa ikituma pesa tangu mwaka 1871, bado inamhudumia vizuri zaidi kwa mtandao wake wa mawakala. Wanaoishi nje huwa wepesi kudharau ada ya wakala na kusahau nauli na siku nzima ambayo mpokeaji angeitumia kwenda tawi la benki. Ada nafuu kwa mtumaji inaweza kuwa ghali kwa anayepokea, na gharama yake haionekani katika skrini yoyote.

Mwisho niseme kuhusu uhakiki. Jina katika akaunti lazima lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi, na kiasi kikubwa kisicho cha kawaida kinaweza kukuletea maswali kuhusu kilikotoka: hati ya mshahara, mkataba wa mauzo, barua ya mirathi. Hizi ni sheria za kuzuia utakatishaji fedha, na kila taasisi yenye leseni inabanwa nazo. Kwa watu waliozoea kwamba mfuko wa mtu ni siri yake, ni badiliko la tabia. Baada ya muda wanaanza kuhifadhi risiti na mikataba ya kila kitu, hata ya kiwanja kilichouzwa na ndugu.

Kabla ya kufungua akaunti, angalia nchi yako ya makazi inaruhusiwa nini, kwa kuwa huduma hutolewa kulingana na anuani unakoishi na uraia wako haubadilishi hilo. Katika nchi fulani mteja hupata salio, kadi na namba za akaunti za sarafu kadhaa kuu. Katika nyingine anaweza kutuma tu, na katika nyingine hawezi hata kujisajili. Anayepanga kurejea kwao alizingatie hili mapema: siku anayobadilisha anuani, baadhi ya vipengele vinaweza kuondoka, na akiba aliyoiacha katika sarafu ya ughaibuni kwa matumaini ya kuitumia polepole akiwa nyumbani huenda akalazimika kuihamishia kwingine. Benki ya nyumbani inayokubali akaunti ya fedha za kigeni ifunguliwe kabla ya kukata tiketi, na vibubu vyote vimwagwe kabla ya anuani kubadilishwa.